Umevunjika au Umevunjwa?

Katika mabasi yaliyokuwa yakitoka Kigoma kwenda Kasulu na Kibondo enzi za barabara ya vumbi, juu ya kiti cha dereva paliandikwa kwa rangi nyekundu: ABIRIA CHUNGA MZIGO WAKO. Msomaji anayafahamu maandishi hayo, kwani yamo katika mabasi ya Tanzania nzima. Mimi niliyefundisha lugha katika vyuo vya ualimu kwa zaidi ya miaka thelathini, na baadaye kuongoza chuo, nayahesabu kuwa sentensi nzuri. Ina anayeambiwa, ina kitenzi, ina kitu. Haifichi neno. Tena ni sentensi ya haki, maana abiria wa basi anaweza kweli kuuchunga mzigo wake. Kapu la mayai huliweka miguuni. Gunia la maharage likipandishwa juu ya keria humwona utingo akilifunga kamba, na basi likisimama Kidahwe au Makere hutoa kichwa dirishani ahakikishe kwamba kinachoshushwa si chake.

Sentensi hiyohiyo ikipelekwa kiwanja cha ndege inageuka kuwa uongo. Pale kaunta begi lako linapimwa, linafungwa karatasi shingoni, linalala juu ya mkanda unaotembea, kisha linapita kwenye tundu lenye mapazia ya mpira na kutoweka. Nyuma ya mapazia hayo hukaribishwi. Huko linapita kwenye mashine ya kumulika, linatupiwa kwenye toroli, linavutwa na trekta dogo, linaingizwa tumboni mwa ndege, na kama unabadili ndege njiani, safari nzima inaanza upya katika nchi ambayo wewe mwenyewe huna ruhusa ya kutoka nje ya ukumbi. Mikono inayoligusa hutaiona hata mmoja. Sasa mtu wa namna hiyo achunge nini? Hata jina la kwao lililoandikwa kwenye ile karatasi ya shingoni pengine halitambui: Kigoma, katika herufi tatu za mashirika ya ndege, ni TKQ. Mzee mmoja wa Kibondo alipoiona aligoma kuliachia begi lake mpaka alipoletewa mkubwa wa zamu aliyemhakikishia kwamba TKQ ndiyo Kigoma. Watu walimcheka. Mimi naona alikuwa msomaji makini kuliko wote waliokuwa kwenye foleni.

Nimeanza na maandishi kwa sababu jambo ninalotaka kulihakiki ni lugha. Kuhusu begi lililochanwa, chupa iliyopasuka na simu iliyotoweka kumesemwa mengi, na aghalabu husemwa kwa hasira. Lugha inayotumika kuyaeleza mambo hayo haijasemwa vya kutosha, nami nadhani nusu ya hasara ya abiria wetu hutokea humo.

Tuwakumbuke wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hakuna somo lililowasumbua kama kauli za vitenzi, ingawa walizitumia bila kosa tangu walipoanza kuongea. Mtoto wa miaka minne akiangusha kikombe hasemi, "Mama, nimevunja kikombe." Husema, "Mama, kikombe kimevunjika." Hajafundishwa na mtu. Ameshatambua kwamba lugha yetu ina mlango wa nyuma: kuvunja kuna mvunjaji, kuvunjwa kuna mvunjaji aliyesimama nyuma ya pazia, lakini kuvunjika hakuna mtu kabisa. Kikombe chenyewe ndicho kilichopatwa. Kauli hii ya kutendeka si mbaya kwa asili yake. Ukiamka asubuhi ukakuta mti umeanguka uani, utasema umeanguka, na hilo ndilo unalolijua. Ubaya unaanza pale anayejua, au anayepaswa kujua, anapoingia kwenye mlango huo wa mtoto na kuufunga kwa ndani.

Nenda kwenye dawati la mizigo la kiwanja chochote usikilize. Begi limechelewa. Begi limeharibika. Zipu imefunguka. Vitu vimepotea. Sikiliza tena: zipu imefunguka! Kana kwamba zipu nayo ilichoka na joto ikaamua kupumua. Halafu utapewa fomu ya kujaza. Fomu hiyo hutumiwa na mashirika ya ndege duniani kote, na jina lake la Kiingereza nikilitafsiri bila kulipamba ni Taarifa ya Mali Kutokuwa katika Utaratibu. Mali yako iliyoibwa haikuibwa. Imekosa utaratibu, kama mwanafunzi asiyevaa sare.

Nilidhani huenda ni mazoea ya makarani tu, lakini hata wanaohesabu wanafanya hivyohivyo. Kampuni ya SITA, ambayo mitambo yake ya mawasiliano hutumiwa na mashirika mengi ya ndege, kila mwaka hutoa hesabu ya mizigo iliyopatwa na matatizo duniani. Mwaka 2007 ilikuwa karibu mabegi 19 kwa kila abiria 1,000. Mwaka 2023 ilikuwa imeshuka hadi 6.9. Ni maendeleo makubwa, wala sina nia ya kuyapuuza. Tangu Juni 2018 mashirika ya chama cha IATA yametakiwa kufuatilia kila begi katika hatua nne, yaani linapopokelewa, linapopakiwa, linapohamishwa na linaporudishwa kwa mwenyewe, na hilo limesaidia. Lakini tazama safu za jedwali lao. Yaliyochelewa yana safu yake, na ndiyo mengi. Yaliyopotea yamewekwa safu moja na yaliyoibwa. Yaliyoharibika yamewekwa safu moja na yaliyochomolewa vitu. Yaani gurudumu lililovunjika kwa kugonga ukuta na bangili iliyotolewa kwa mkono wa mtu vinahesabiwa pamoja. Mwanafunzi angeniletea jedwali hilo ningemrudishia. Ajali na dhambi havijumlishwi.

Mwezi Machi 2025 alikuja kwangu binti mmoja wa hapa Kasulu, mjukuu wa mwalimu niliyefundisha naye zamani. Alikuwa amerejea kutoka Muscat alikofanya kazi za nyumbani kwa miaka miwili na miezi kadhaa. Wasichana wa Kigoma waliokwenda Uarabuni sasa ni wengi, na kila anayerudi hurudi na begi moja kubwa ambalo familia nzima imeliota. Alisafiri kwa tiketi moja yenye kampuni mbili: ya kwanza ilimtoa Oman hadi Dar es Salaam, ya pili ikamleta Kigoma. Begi alilipokea Kigoma, zipu imefungwa vizuri, ila kona moja imebonyea na gurudumu moja halipo. Akapanda gari dogo, mwendo wa kilomita mia moja hivi, akafika nyumbani usiku. Alipolifungua mbele ya mama yake na wadogo zake, mashine ya kusagia matunda ilikuwa vigae. Simu mbili mpya alizowanunulia kaka zake hazikuwamo. Marashi hayakuwamo. Na kimkoba kidogo chenye bangili ya dhahabu aliyokuwa amemwekea mama yake, nacho hakikuwamo.

"Shikamoo babu," alianza, kisha akanieleza yote hayo kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Alipomaliza akasema, "Basi ndiyo hivyo, vimepotea."

Nikamuuliza, "Vimepotea au vimeibwa, mjukuu wangu?"

Akafikiri. "Siwezi kusema vimeibwa, babu. Sikumwona mtu. Nitamsingizia nani?"

Jibu hilo, msomaji, ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi. Lilikuwa jibu la mtu mwadilifu. Kwetu Buha mtu hamtuhumu mwenzake wizi kwa kudhani, na wazee waliomlea walimfundisha hivyo. Lakini uadilifu wake ndio uliokuwa unakwenda kummaliza. Aliamini kwamba ili adai ni lazima kwanza amtaje mwizi. Kwa kuwa hawezi kumtaja, amebaki na kitenzi kimoja tu, kupotea, na mwenye kitenzi hicho hana wa kumdai.

Ama kwa hakika sheria haimtaki amtaje mtu yeyote. Mkataba unaotawala safari za ndege za kimataifa ulitiwa saini Montreal mwaka 1999 na kuanza kutumika tarehe 4 Novemba 2003. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kujiunga nao, Kenya vilevile, na Oman nayo imo. Ulichukua nafasi ya ule wa Warsaw wa mwaka 1929, uliokuwa ukilipa kwa kilo, takribani dola 20 kwa kilo moja ya begi, iwe imejaa mitumba au vitabu vya maisha yako yote. Mkataba wa Montreal unasema mambo ambayo kila msafiri wa mikoa yetu angepaswa kuyajua kama anavyojua nauli. Kwa begi lililokabidhiwa, mchukuzi anawajibika kwa kupotea, kuharibika au kuangamia kwake, kwa sharti moja tu: kwamba tukio lilitokea ndani ya ndege au wakati begi lilipokuwa chini ya uangalizi wake. Hakutakiwi ushahidi wa uzembe. Hakutakiwi jina la mpakizi. Anachoweza kujitetea nacho ni kwamba kasoro ilikuwa ya begi lenyewe. Kikomo cha fidia, kwa vipimo vya fedha vya IMF, kilikuwa 1,000 mwanzoni, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 kimefika 1,519, ambavyo ni takribani dola 2,000 za Kimarekani kwa abiria. Asiyetosheka na kikomo hicho anaweza kutamka thamani kubwa zaidi pale kaunta na kulipia nyongeza.

Hapa ndipo niliposimama na kutabasamu peke yangu, kwa maana mkataba unatumia kauli ileile ya mtoto na kikombe. Umeharibika? Ulikuwa mikononi mwa nani? Basi, inatosha. Mwanasheria aliyeandika kifungu hicho alielewa kwamba nyuma ya yale mapazia ya mpira abiria hatajua kamwe nani alifanya nini, kwa hiyo akaacha kuuliza nani alivunja akauliza nani alipokea. Kitenzi chenye uzito katika safari nzima ya begi ni kupokea. Wengine wote, mpakizi wa zamu ya usiku anayefanya kazi ameinama tumboni mwa ndege ndogo, dereva wa trekta, mkaguzi wa mashine, ni watumishi au mawakala wa aliyepokea, na matendo yao yako shingoni mwake.

Wazee wetu walilijua neno hili bila mikataba. Baba yangu alikuwa manamba. Mnamo miaka ya hamsini alichukuliwa Kibondo pamoja na wenzake kwa mkataba wa wakala wa ajira ya mashamba ya mkonge, SILABU, akapelekwa Tanga. Aliporudi alikuwa na sanduku la mbao lililopigiliwa bati pembeni. Alilikabidhi kwa karani wa reli, na mpaka anakufa alikuwa akitusimulia habari za kile kipande cha karatasi alichopewa: jinsi alivyokikunja akakishona kwenye pindo la kaptula, na jinsi karani wa Kigoma alivyokisoma, akaingia stoo, akatoka na sanduku. Hakutusimulia yaliyokuwa ndani ya sanduku. Alisimulia karatasi. Aliita amana. Aliyepokea amana haulizi kama uliichunga, anaulizwa yeye.

Karatasi hiyo bado ipo. Ni ile ndogo yenye mistari na tarakimu ambayo mhudumu wa kaunta huibandika nyuma ya tiketi, na ambayo wasafiri wengi huitupa mara wanapoketi. Aghalabu imeandikwa uzito wa begi.

Lakini mkataba una upande wake mkali, nao pia ni wa lugha. Begi likiharibika, mwenyewe hana budi kulalamika kwa maandishi mara anapogundua, na isizidi siku 7 tangu alipolipokea. Likichelewa, ni siku 21 tangu lilipomfikia. Kwenda mahakamani ni ndani ya miaka 2. Na anayepokea begi lake bila kulalamika, ukimya wake huhesabiwa kuwa ushahidi wa awali kwamba alilipokea salama. Soma sentensi hiyo mara mbili. Kunyamaza kwako ni maandishi, nayo yameandikwa kwa niaba yako na upande wa pili. Siku 7 kwa mtu wa mjini ni nyingi. Kwa mtu anayeshuka Dar es Salaam, analala kwa shangazi, anapanda basi la kuja huku, anafika vijijini nyuma ya Kibondo, anapokea wageni siku mbili kabla ya kufungua begi kwa sababu ni aibu kufungua zawadi mbele ya watu ambao hukuwaletea, siku 7 zimekwisha.

Umaarufu wa malalamiko ya namna hii duniani umechukuliwa na wimbo mmoja, nami nikauomba kwa mjukuu wangu anionyeshe kwenye simu yake. Mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll, alisafiri mwaka 2008 kutoka Halifax kwenda Omaha kupitia Chicago. Pale Chicago abiria waliona dirishani wapakizi wakirushiana magitaa. Lake, la aina ya Taylor, lilivunjwa. Kulitengeneza kuligharimu dola 1,200. Aliandikiana na shirika la United kwa miezi takribani tisa, na jibu la mwisho likawa hapana, kwa kuwa hakudai katika muda uliowekwa. Julai 2009 akatoa wimbo alioupa jina United Breaks Guitars, ukatazamwa mara mamilioni, na shirika likaaibika mbele ya ulimwengu.

Kama wimbo, si mkubwa. Ni mahadhi ya mashambani ya Amerika, mepesi, ya kuchekesha kiasi. Picha zake zimeigizwa kama mchezo wa wanafunzi siku ya mahafali. Bila kisa chake usingevuka mwaka. Uwezo wote uko katika jina. Baada ya miezi tisa ya barua zilizojaa kuvunjika na kusikitika, mtu akaweka maneno matatu yenye mtenda, kitenzi na kitendwa. Kwa Kiswahili ni United huvunja magitaa. Na angalia hiyo hu-: hakusema lilivunja, amesema huvunja, kama vile jua huchomoza. Mhakiki mkali atauliza kama gitaa moja linampa mtu haki ya kutumia hu- ya mazoea. Nadhani halimpi, na nadhani hapo ndipo wimbo unapodhulumu kidogo. Lakini ni dhuluma ya mtu aliyechoka kuambiwa kwamba kitu chake kilijivunja.

Udhaifu wake mkubwa ni mwingine. Wimbo huo umefundisha watu kwamba haki ya begi hupatikana kwa kupiga kelele baada ya kunyimwa. Hiyo ni njia ya mtu mwenye gitaa, sauti na watazamaji. Binti wa Kasulu hana hivyo. Silaha yake ilikuwa karatasi moja iliyoandikwa kabla ya siku ya saba, ile ambayo Carroll hakuiandika.

Nirudi kwenye masharti ya tiketi, ambayo ni maandishi mabaya kuliko yote niliyoyataja. Humo huandikwa kwamba kampuni haitawajibika kwa fedha, vito, simu, kompyuta, vitu vya kuvunjika na vya kuoza vilivyowekwa katika begi la kukabidhi. Ni ushauri mzuri kabisa ukiusoma kama ushauri: mwenye dhahabu aivae, mwenye simu aishike. Ukisomwa kama sheria, hali ni nyingine. Mkataba wa Montreal wenyewe unatangaza kuwa batili sharti lolote la kumwondolea mchukuzi wajibu au kushusha kikomo chake, na mwaka 2009 Wizara ya Usafirishaji ya Marekani iliyakumbusha mashirika kwamba katika safari za kimataifa hayawezi kujivua wajibu wa vitu vya aina hiyo yakishavipokea. Lakini msomaji wa kawaida atajuaje? Anaona neno "hatutawajibika" limepigwa chapa, naye amefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba kilichopigwa chapa ni kweli. Kosa hilo ni la kwetu walimu kama ilivyo la kampuni.

Abiria akiisha kuogopeshwa hivyo, huuziwa kinga. Kuna wanaozungushia begi nailoni mpaka linafanana na yai la buibui, kwa malipo. Kuna makufuli yanayofunguliwa na wakaguzi wa Marekani kwa funguo zao maalumu. Mwaka 2014 gazeti moja la huko lilichapisha picha ya funguo hizo, na mwaka uliofuata watu walikuwa wakijichongea nakala majumbani. Na zipu, yenyewe, husalimu amri kwa ncha ya kalamu ya wino, kisha hufungika tena kama haikuguswa. Sikatazi mtu kununua kufuli. Nasema tu kwamba yote haya ni ABIRIA CHUNGA MZIGO WAKO iliyorudi kwa nguo nyingine, na aliyeipokea amana amekaa pembeni anapunga upepo.

Basi na yule binti. Siku aliyokuja ilikuwa ya tatu tangu alipolipokea begi. Kwanza tulirudisha kila kitu ndani, hata vigae vya ile mashine na kipande cha gurudumu, tukalipeleka sokoni kwenye mizani ya mnunuzi wa maharage. Karatasi ya shingoni ilisema kilo 29. Mizani ilisema 27. Mnunuzi alishangaa kupimiwa begi lakini alikubali kuandika na kutia sahihi. Kisha tukaketi. Nilimzuia asiandike neno kuibwa, kwa kuwa hakuona, na nikamzuia vilevile asiandike kupotea. Barua ilikuwa na vitenzi vinne: tarehe fulani nilikabidhi begi la kilo 29, mlilipokea, tarehe fulani mlinirudishia likiwa na kilo 27, limebonyea na pungufu ya vitu vifuatavyo, nadai. Tukaandika nakala mbili, kwa kampuni ya kwanza na ya mwisho, kwa kuwa mkataba unamruhusu abiria kuidai yoyote kati ya hizo. Tukaitafsiri kwa Kiingereza, tukapiga picha karatasi zote, zikatumwa siku ya tano kutoka duka la kompyuta hapa mjini.

Kampuni ya mwisho ilijibu upesi kwamba begi liliharibika kabla halijaifikia. Ya kwanza ilijibu baada ya wiki sita kwamba begi liliondoka kwake salama. Nilizisoma barua hizo mbili kwa furaha ya mwalimu: moja imekiri kuwa liliharibika, nyingine imekiri kuwa ililipokea. Tukaiambatanisha kila moja na nakala ya mwenzake tukazirudisha, na nakala ya tatu tukawapa watu wa baraza la watumiaji lililo chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Hatukuongeza neno kali hata moja.

Mwezi Agosti kampuni ya kwanza ikalipa. Ililipa begi, mashine, marashi na simu zote mbili, ambazo risiti zake binti alikuwa amezitia katika pasipoti. Bangili haikulipwa, walitaka risiti ya sonara. Risiti ya sonara ilikuwa ndani ya kimkoba, pamoja na bangili.